Kuwiwa na Kudaiwa: Lugha ya Deni Kongwe kwenye Kaunta ya Benki

Utangulizi

Methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa hutajwa aghalabu kana kwamba imemaliza maneno yote. Anayedaiwa na alipe; asiyelipa na ajilaumu. Hata hivyo, methali hiyo imejengwa juu ya mambo mawili ambayo siku hizi hayana uhakika: kwamba kiasi cha deni kinajulikana, na kwamba mwenye deni lake anajulikana. Deni la duka la kijijini lina sifa zote mbili. Limeandikwa kwenye daftari, na mwenye duka yupo pale pale akimtazama mdeni wake kila asubuhi anapopita. Deni la benki lililokaa miaka minane, likaongezewa riba na ada, kisha likakabidhiwa wakala wa kukusanya madeni aliye katika mji mwingine, huenda likakosa zote mbili.

Makala haya yanachunguza hali ya mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki nchini Kenya ilhali ana madeni ya kale ambayo hayakulipwa. Suala hili laweza kuonekana kuwa la wanauchumi na mawakili tu. Lakini fomu ya benki, ujumbe wa simu, barua ya wakala na mazungumzo ya kaunta ni matini, na matini hayo hufanya kazi yake kwa maneno. Inadaiwa humu kwamba matatizo mengi ya mdeni wa zamani huanza katika lugha kabla hayajafika katika pesa, na kwamba Kiswahili kina akiba ya maneno inayoweza kumsaidia, ila maneno hayo yameachwa kutumika. Suala lenyewe haliko mbali na wasomaji wa jarida hili, kwani wengi wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma huhitimu wakiwa na shahada mkono mmoja na deni la HELB mkono wa pili.

Mwalimu na mhudumu

Mfano wa kubuni utasaidia kuiweka hoja mahali pake. Mwalimu kijana amepata kazi katika shule ya kibinafsi mjini Kitale. Mwajiri wake hulipa mshahara kupitia benki pekee. Mwaka 2016, akiwa na kibarua mahali pengine, mwalimu huyu alikopa shilingi 40,000 kutoka benki fulani. Alilipa kwa miezi michache, kibarua kikaisha, malipo yakakatika mwanzoni mwa mwaka 2017 deni likiwa limebaki shilingi 34,000. Ana pia mkopo wa simu wa shilingi 1,800 ambao alikuwa ameusahau. Juu ya yote hayo kuna HELB. Wiki iliyopita amepokea barua ya wakala ikimtaka alipe shilingi 118,000 katika muda wa siku saba. Sasa ameketi mbele ya mhudumu wa benki nyingine, kitambulisho na cheti cha PIN mkononi.

“Mwalimu, hapa naona kuna mahali una deni,” mhudumu anamwambia kwa sauti ya chini.

“Ni kweli dada, nadaiwa. Laki moja na kumi na nane.”

Mazungumzo yanakomea hapo. Mwalimu anakusanya karatasi zake, anashukuru, anatoka. Hakuna aliyemfukuza. Mhudumu hakusema kwamba akaunti haiwezi kufunguliwa; alisema tu alichokiona. Ni mwalimu mwenyewe aliyeyasikia maneno hayo kama hukumu, na jibu lake likawa ungamo la jambo ambalo, kama itakavyoonekana, halikuwa kweli kwa kiasi alichokitaja.

Vitenzi viwili

Kiswahili cha kale kina kitenzi ‘kuwia’, chenye maana ya kuwa na haki ya kulipwa na mtu. Anayesema “Namwia Juma shilingi mia tatu” anamaanisha kwamba Juma ana wajibu wa kumlipa kiasi hicho. Kauli ya kutendwa ni ‘kuwiwa’: “Nawiwa na muuza samaki shilingi mia tatu.” Kutokana na vitenzi hivyo yakapatikana majina mwia na mwiwa. Leo maneno haya husikika kwa nadra sana. Wakristo huyakuta katika Biblia, hasa katika nyaraka za Paulo, na wengi huyapita bila kujiuliza. Umbo hilo hilo la kitenzi limebaki hai katika usemi ambao kila mtu anautumia, ‘niwie radhi’, ingawa hapo maana imekwenda njia yake.

Mahali pa kuwia pamechukuliwa na ‘kudai’. Mabadiliko haya si ya sauti tu. Kuwia ni hali. Kudai ni tendo. Mtu anaweza kumwia mwenzake miaka kumi bila kufungua kinywa, lakini hawezi kudai bila kusema jambo au kuandika. Fauka ya hayo, kudai hakuhakikishi ukweli wa kinachodaiwa. Gazeti likiandika kwamba fulani anadai kuibiwa, msomaji hujua kuwa wizi wenyewe bado haujathibitishwa. Katika Kiswahili cha mahakama, hasa nchini Tanzania, mdaiwa ni mtu aliyefunguliwa kesi ya madai, awe ana kosa au hana. Anaweza kushinda kesi na kurudi nyumbani bila kulipa hata senti, na katika kumbukumbu za kesi ile ataendelea kuitwa mdaiwa.

Hapa ndipo penye mtego. ‘Nadaiwa 118,000’ ni sentensi ya kweli kwa maana ya kwamba kuna mtu ameandika barua akitaja kiasi hicho. Lakini katika sikio la mzungumzaji wa kisasa, sentensi hiyo hiyo husikika kama ‘nawiwa 118,000’. Lugha ikiwa na kitenzi kimoja kwa mambo mawili, tendo la mdai na wajibu wa mdeni huwa kitu kimoja, na mdai ndiye anayepata faida.

Tofauti hii ina uzito wa pesa hasa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, kinaweka mpaka kwa kiasi ambacho benki inaweza kukusanya kutokana na mkopo ulioacha kulipwa. Mpaka huo una sehemu tatu: deni la msingi lililobaki wakati mkopo ulipoacha kulipika, riba isiyozidi kiasi hicho hicho cha msingi, na gharama za kufuatilia malipo. Kwa mwalimu wa Kitale, msingi uliobaki ni shilingi 34,000. Riba haiwezi kupita shilingi 34,000 nyingine. Jumla ni 68,000 pamoja na gharama halisi za ufuatiliaji. Barua inadai 118,000. Labda wakala ana maelezo ya zile 50,000 za juu, na ayatoe. Hadi hapo, mwalimu anadaiwa 118,000 lakini anawiwa kiasi kidogo kuliko hicho, na lugha aliyoitumia kwenye kaunta haikumpa njia ya kusema hivyo.

Isidhaniwe kwamba tofauti ya kuwiwa na kudaiwa ni hila ya kumkinga asiyetaka kulipa. Katika mazishi ya Waislamu wa pwani ni kawaida msemaji wa familia kutangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimwia marehemu ajitokeze, kwa kuwa deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Pale hakuna aliyedai chochote. Marehemu anawiwa tu, na wajibu huo humfuata kaburini. Kwa hiyo kuwiwa ni kuzito kuliko kudaiwa, wala si kwepesi. Kinachotakiwa ni kila neno libaki mahali pake.

Kushindwa, kukwepa na usugu

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa hali ya kutolipa mkopo wakati wake. Magazeti husema mtu ‘ameshindwa kulipa’, ‘amekwepa kulipa’, au ‘amekaidi’. Kila kitenzi kina hukumu yake. Anayeshindwa alijaribu, anayekwepa alimwona mdai akaja akapinda njia, anayekaidi alimwangalia machoni akakataa. Mwandishi wa habari mwenye haraka huchagua kimoja bila kujua ni kipi kinamhusu nani, na msomaji hupokea hukumu pamoja na habari.

Lililo kali zaidi ni ‘mdaiwa sugu’, ambalo limezoeleka sana Tanzania, hasa kuhusiana na mikopo ya wanafunzi, na husikika Kenya pia. Sugu ni ngozi iliyokomaa na kufa ganzi kwa kusuguliwa mara nyingi. Sitiari hii inamchora mdeni kama mtu ambaye haya zimemtoka, na humwandama hata yule aliyetoka chuoni akakaa miaka mitano bila ajira. Kwa upande wa mikopo yenyewe, Tanzania wana istilahi ‘mikopo chechefu’, na ni istilahi nzuri mno. Inamkumbusha msikilizaji kuchechemea: mkopo unaotembea kwa shida, ambao huenda ukapona. Inastaajabisha kwamba mkopo umepewa huruma ambayo mkopaji amenyimwa.

Wakenya wa mitaani wamejitungia yao. ‘Kuwekwa CRB’ au ‘kuingia CRB’ ni usemi unaofahamika hata na asiyejua kirefu cha herufi hizo. CRB ni shirika la kumbukumbu za mikopo. Kanuni za kuyaruhusu mashirika haya zilitungwa mwaka 2008 na kuanza kutumika mwaka 2009, na la kwanza likapata leseni ya Benki Kuu mwaka 2010. Chunguza viambishi vya mahali na kitenzi chenyewe: mtu ‘anawekwa’, ‘anaingia’, baadaye ‘anatolewa’. Ni lugha ya jela. Kwa kweli kumbukumbu hizo ni za kila mkopaji, mlipaji mzuri na asiyelipa, maana tangu kanuni za mwaka 2013 taarifa njema nazo hupelekwa. Karibu kila mwenye mkopo wa benki yumo. Linalobadilika ni kile kilichoandikwa kando ya jina lake.

Taswira hii ya jela ndiyo iliyomtoa mwalimu katika kiti chake. Aliamini kwamba aliye ndani hawezi kufungua akaunti nje.

Kinachowezekana kwenye kaunta

Sheria ya Kenya haimkatazi mtu mwenye deni kufungua akaunti ya benki. Benki ina hiari ya kumkubali au kumkataa mteja, na kila benki ina taratibu zake, lakini yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mteja huyachanganya. Akaunti ya akiba ni mahali pa mteja kuweka pesa zake. Benki haimkopeshi kitu. Akaunti ya hundi, au ile yenye ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo, huiweka benki katika hatari, na hapo ndipo historia ya mikopo huulizwa kwa makini zaidi. Mwenye deni kongwe anayehitaji tu pa kupokelea mshahara hana sababu ya kuomba ya pili.

Jambo jingine ambalo wateja hulijua baada ya kuumia ni hili. Benki inayomwia mteja inaweza, kwa kanuni za kibenki na kwa masharti ambayo mteja alitia sahihi, kuchukua pesa zilizo katika akaunti yake na kufidia deni lake. Mtu anayefungua akaunti ya mshahara katika benki ile ile aliyoiacha na deni mwaka 2017 asishangae kuukuta mshahara wa mwezi wa kwanza umepungua au umetoweka. Mwalimu wa Kitale alifanya vyema kwenda benki nyingine, ingawa pengine alikwenda huko kwa aibu tu.

HELB ina njia yake. Sheria iliyoiunda ni ya mwaka 1995, na humtaka aliyekopeshwa aanze kulipa katika mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyefanya hivyo hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwajiri naye ana wajibu wa kukata na kuwasilisha malipo. Kwa hiyo anayeogopa kwamba akaunti mpya itamfichua kwa HELB anaogopa mlango usiohusika. Makato hufanyika katika ofisi ya mwajiri kabla pesa hazijafika benki. Afadhali aliyeajiriwa aiendee bodi mwenyewe akubaliane nayo kiasi cha kila mwezi, kuliko kuiacha faini izae juu ya faini.

Kuhusu deni dogo la simu, historia ya karibuni ina mafunzo. Wakati fulani Wakenya waliharibikiwa na kumbukumbu zao kwa sababu ya shilingi mia mbili au tatu. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia taarifa hasi za madeni yasiyofika shilingi 1,000 kupelekwa CRB, ikaamuru waliokuwa wameorodheshwa kwa viasi hivyo waondolewe, na ikaondoa ada kwa anayechukua cheti cha CRB kwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba 2022 ukaja mpango wa kurekebisha kumbukumbu: benki ziliombwa kusamehe angalau nusu ya madeni ya simu ya siku 30 au chini ya hapo yaliyokuwa hayalipiki, mkopaji akimaliza nusu iliyosalia kufikia mwisho wa Mei 2023. Mpango huo umekwisha. Deni la mwalimu la shilingi 1,800 limepita mpaka wa elfu moja, kwa hiyo linaonekana. Ndilo analopaswa kulimaliza kwanza, wiki hiyo hiyo, kwa kuwa hapo hakuna ubishi wa kuwiwa na kudaiwa.

Hata hivyo, kulipa hakufuti kumbukumbu papo hapo. Taarifa za deni lililochelewa huhifadhiwa kwa miaka 5 tangu siku lilipomalizwa kulipwa. Kinachobadilika mara moja ni kwamba deni huonyeshwa kuwa limelipwa. Kwa mhudumu mwenye busara tofauti hiyo ni kubwa. Kila mteja ana haki ya kupata nakala moja ya ripoti yake bila malipo kila mwaka, na aliye na deni kongwe angefaa kuisoma ripoti hiyo nyumbani kabla ya kwenda benki, ili asiwe mtu wa mwisho kuyajua mambo yake.

Kufuta si kusamehe

Baina ya maneno yanayopotosha, ‘kufuta deni’ linashika nafasi ya mbele. Benki hutangaza kila mwaka kwamba imefuta mikopo ya kiasi fulani, na mkopaji anayesikia redioni hushusha pumzi. Kufuta, katika Kiswahili cha kawaida, ni kuondoa kabisa, kama mwalimu afutavyo ubao. Kinachofanyika katika vitabu vya benki ni tofauti. Mhasibu huuondoa mkopo katika hesabu ya mali inayotarajiwa kurudi ili vitabu visionyeshe utajiri usiokuwepo. Haki ya kudai inabaki vile vile, na mara nyingi ni baada ya kufutwa ndipo deni hukabidhiwa mawakala.

Kiswahili kina neno sahihi kwa kile ambacho mkopaji anakitumainia: kusamehe. Anayesamehe deni ameachilia haki yake. Pendekezo hapa ni kwamba wafasiri wa ripoti za benki waache kutumia ‘kufuta’ kwa tendo la mhasibu, watafute usemi kama ‘kuondoa katika vitabu’, ambao ni mrefu lakini hausemi uongo. Na mkopaji anayekubaliana na benki kulipa sehemu ya deni asikubali neno la mdomo kwamba salio ‘litafutwa’. Adai barua inayosema waziwazi kwamba salio limesamehewa na kwamba benki haitalidai tena, wala haitampa mwingine alidai.

Majina matamu

Haiwezekani kuacha kutaja, japo kwa ufupi, ubingwa wa lugha uliomo katika majina ya mikopo ya simu. M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007 ilikuwa njia ya kutuma pesa tu. Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, Januari 2019 ikaja Fuliza. Shwari ni utulivu wa bahari baada ya upepo. Kufuliza ni kuendelea bila kusita. Kuna pia Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, ambayo ni sitiari kamili ya baharini: jahazi linazama, mkopo ndio uokozi. Neno deni halimo katika lolote kati ya hayo, wala mkopo.

Kinyume chake, masharti marefu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinamkaribisha mteja mlangoni, Kiingereza kinamngoja ndani. Hata pale masharti yanapotafsiriwa, ‘riba’ hukwepwa kwa makini. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ikaitwa ada. Ada hulipwa mara moja, kama ya shule au ya kungwi, riba huzaa. Lakini anayekopa, akalipa na kukopa tena kila mwezi kwa kiwango hicho atakuwa ametoa kwa mwaka takriban asilimia 90 ya kiasi anachokikopa. Neno lililochaguliwa halikuwa la uongo. Lilikuwa tu na utulivu wa M-Shwari yenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba M-Shwari ni akaunti ya benki. Wapo Wakenya wengi wanaosema hawajawahi kufungua akaunti maishani, ilhali waliifungua kwa kubonyeza simu wakiwa kwenye matatu. Fomu ya benki inapouliza kama mwombaji ana akaunti nyingine, jibu la ‘hapana’ huenda likawa si sahihi bila yeye kukusudia kudanganya.

Barua

Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na deni lililowekewa rehani ratili ya nyama ya mwili. Aliiita Mabepari wa Venisi. Uteuzi wa neno bepari umejadiliwa sana: neno lenye asili ya Kihindi lililomaanisha mchuuzi, ambalo kufikia wakati huo lilikwishabeba maana ya mnyonyaji. Jambo linalohusu makala haya ni jingine. Katika tamthilia hiyo mdeni haokolewi kwa pesa. Pesa zinaletwa mahakamani, hata maradufu, na mdai anazikataa. Kinachomwokoa ni usomaji wa maneno ya hati: hati inataja nyama, haitaji damu. Walimu wengi huifundisha sehemu hiyo kama kioja cha jukwaani. Anayeshughulika na deni kongwe anaweza kuisoma kama somo la kawaida kabisa kuhusu matini za madeni.

Sheria ya Kenya kuhusu Ukomo wa Mashauri inasema kwamba dai linalotokana na mkataba haliwezi kupelekwa mahakamani baada ya miaka 6 kupita tangu haki ya kudai ilipoanza. Ikiwa hukumu ilikwishatolewa, muda wa kuitekeleza ni miaka 12. Hapa tena vitenzi viwili vya kale vinafaa kuliko istilahi yoyote mpya: baada ya miaka 6 mwia hawezi tena kudai mahakamani, lakini mwiwa bado anawiwa. Kila mtu ataamua na dhamiri yake juu ya hilo.

Lakini sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba miaka 6 huweza kuanza kuhesabiwa upya ikiwa mdeni atalipa sehemu yoyote ya deni, au atalikiri deni hilo kwa maandishi yenye sahihi yake. Ndiyo maana wakala wa madeni humsihi mdeni atume ‘chochote kile, hata mia tano, kuonyesha nia njema’. Nia njema hiyo yaweza kuwa mwanzo wa miaka 6 mingine. Ndiyo maana pia barua ya mdeni ni matini ya hatari, na mtindo wake una uzito ambao somo la utungaji shuleni haukuugusia.

Mwanafunzi aliyefunzwa kuandika barua rasmi kwa unyenyekevu angeandika hivi:

“Ninakiri kwamba nawiwa na benki yenu shilingi 118,000. Naomba radhi kwa kuchelewa na ninaahidi kuanza kulipa kidogo kidogo.”

Ni barua yenye adabu, sarufi yake haina kasoro, na imetoa kila kitu. Imekiri deni, imekubali kiasi kilichopita mpaka wa sheria, imefungua upya saa iliyokuwa imesimama. Barua ya pili inaweza kuwa na adabu ile ile bila kutoa lolote:

“Nimepokea barua yenu. Kabla ya kutoa jibu, naomba taarifa kamili ya deni mnalonidai: kiasi cha msingi kilichobaki siku mkopo ulipoacha kulipwa, riba na ada zilizoongezwa baadaye pamoja na namna zilivyokokotolewa, tarehe ya malipo ya mwisho, na idhini ya benki inayowaruhusu kukusanya deni hili. Barua hii si ukiri wa deni wala wa kiasi chake.”

Kitenzi kilichotumika ni ‘mnalonidai’. Hapa udhaifu wa kudai uliolalamikiwa mwanzoni unageuka nguvu. Kwa kuwa kudai ni tendo la mdai peke yake, anayeandika ‘mnalonidai’ ametaja tendo la mwingine, hajataja wajibu wake. Taarifa ikiletwa, na mwalimu akaona kwamba anawiwa 68,000 na gharama zinazoeleweka, anaweza kuamua kulipa, kuafikiana, au kumwona wakili, akijua anachokifanya.

Kuhusu kaunta ya Kitale, mwalimu alirudi baada ya wiki mbili. Deni la simu alikuwa amelilipa, na ripoti yake ya CRB alikuwa ameichapisha kwenye duka la intaneti kwa shilingi ishirini. Mhudumu alikuwa yule yule.

“Mwalimu, karibu tena. Lile deni?”

“Dada, kuna benki inanidai, na tunaandikiana barua kuhusu kiasi. La simu nimelimaliza, risiti hii hapa. Leo nimekuja kufungua akaunti ya akiba, sikuja kuomba mkopo.”

Mhudumu akavuta fomu, akampa kalamu, akamwonyesha pa kuandika jina.